Kujenga Nguvu za Mwili kwa Mtu wa Kazi ya Mezani: Mwongozo Kamili

Mtu aliyeingia ofisini saa 2 asubuhi akatoka saa 11 jioni, kisha akabanwa kwenye mwendokasi kutoka Kivukoni hadi Kimara, hufika nyumbani akiwa hoi, na ukimtajia mazoezi hukujibu kwa dhati kabisa kwamba mwili umechoka. Hasemi uongo, ila kwa kweli misuli yake haikufanya kazi ya maana kutwa nzima. Kilichochoka ni akili, kwa sababu ya barua pepe zisizokwisha, bosi anayetaka ripoti kabla ya saa 9, na mteja anayepiga simu mara ya tano. Uchunguzi wa wataalamu wa mazoezi umeonyesha mara kadhaa kwamba uchovu wa akili hulifanya zoezi lilelile lionekane zito zaidi, ilhali nguvu ya juu kabisa ambayo msuli unaweza kuitoa hubaki karibu palepale. Kwa hiyo mtu wa ofisi akisubiri ajisikie mwepesi ndipo aanze, huenda akasubiri mpaka siku ya kustaafu.

Jambo la pili ni ratiba yenyewe. Ratiba nyingi za mazoezi hutungwa kana kwamba wiki zote ni nzuri: jimu siku tano, saa nzima kila siku, kukimbia alfajiri. Wiki ya ukaguzi wa hesabu ikifika, ratiba hiyo huvunjika siku ya kwanza na mara nyingi hairudi tena. Mwongozo huu umepangwa kinyume chake. Unaanzia kwenye kiasi ambacho mtu anaweza kukitekeleza hata katika wiki mbaya, kisha unaongeza taratibu. Unatanguliza nguvu kabla ya mbio, kwa kuwa kuanzia miaka ya 30 misuli isiyotumika huanza kupungua kidogo kidogo, na kiti cha ofisini huharakisha upotevu huo.

Hatua ya kwanza: Jua unapoanzia

Kabla ya kunyanyua chochote, pima presha. Ikisoma 140/90 au zaidi kwa vipimo vya siku tofauti, au ikiwa una kisukari, ugonjwa wa moyo, ujauzito, au maumivu ya kifua unapopanda ngazi, zungumza na daktari kwanza, kisha uanze kwa kiwango atakachokubali. Wafanyakazi wengi wenye kadi ya bima huitumia wanapougua tu, na presha ya juu ina tabia ya kukaa mwilini miaka mingi bila kumuuma mwenyewe.

Ukishapata ruhusa, chukua daftari uandike vipimo vitatu. Cha kwanza ni mzunguko wa kiuno, unaopimwa kwa utepe wa fundi cherehani usawa wa kitovu, bila kubana tumbo. Kipimo hicho kinapaswa kuwa chini ya nusu ya urefu wako, kwa maana kwamba mwenye urefu wa sentimita 170 asifike 85. Cha pili ni idadi ya mara unazoweza kusimama kutoka kwenye kiti na kuketi tena kwa sekunde 30, mikono ikiwa imekunjwa kifuani. Cha tatu ni idadi ya pushapu unazoweza kupiga huku mikono ikiwa kwenye ukingo wa meza imara. Mizani usiipe uzito mkubwa kwa sasa, kwani anayejenga misuli huku akipunguza kitambi anaweza kukaa miezi miwili kwenye kilo zilezile ilhali suruali inamvuka.

Hatua ya pili: Tenga siku mbili, si tano

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linapendekeza kwa mtu mzima dakika 150 hadi 300 za shughuli za mwili za kiwango cha wastani kwa wiki, pamoja na mazoezi ya nguvu kwa siku mbili au zaidi. Sehemu ya kwanza ya pendekezo hilo inafahamika kwa wengi, na ile ya pili husahauliwa. Hapa Tanzania, mwishoni mwa mwaka 2016, Samia Suluhu Hassan, wakati huo akiwa Makamu wa Rais, alitangaza Jumamosi ya pili ya kila mwezi kuwa siku ya mazoezi. Ni mwito mzuri, na klabu za jogging za mitaani zimewafaa watu wengi waliokuwa hawatoki kabisa nyumbani. Hata hivyo, msuli hauna kumbukumbu ya mwezi mzima. Ukiushtua mara moja kwa mwezi unapata maumivu ya siku tatu na hupati nguvu.

Chagua siku moja ya kazi na siku moja ya mwisho wa wiki, kwa mfano Jumanne na Jumamosi, ili misuli ipate angalau saa 48 za kupumzika kati ya vikao. Kila kikao kitachukua dakika 30 hadi 40. Kuhusu saa, chagua ile ambayo hakuna mtu anayeweza kukunyang'anya. Kwa mwenye watoto wadogo, mara nyingi hiyo ni saa 11 alfajiri. Kwa anayekaa mbali na kazini, inaweza kuwa saa 11 na nusu jioni kwenye uwanja au jimu iliyo karibu na ofisi, akifanya mazoezi wakati foleni ya magari inapungua badala ya kuisubiri akiwa ameketi ndani yake. Jua la mchana la Pwani si rafiki wa mazoezi ya nje, hasa kuanzia Desemba hadi Machi. Katika mwezi wa Ramadhani, anayefunga apange kikao kiwe chepesi na kiishie karibu na futari, au akifanye baada ya tarawehe akiwa ameshakunywa maji ya kutosha.

Hatua ya tatu: Andaa vifaa ambavyo tayari viko nyumbani

Jimu si sharti. Maji ni mzigo unaopimika kwa usahihi ambao duka la vyuma halikupi kwa bei hiyo, kwa kuwa lita moja ni kilo moja. Dumu la lita 20 lililojaa ni kilo 20 pamoja na uzito mdogo wa plastiki, na dumu la lita 5 likijazwa mchanga mkavu hukaribia kilo 8. Tafuta madumu mawili ya lita 10 au 20, mawili ya lita 5, begi imara la mgongoni, na chupa kadhaa za maji za lita 1.5 za kupakia ndani yake.

Dumu lenye mfuniko ni bora kuliko ndoo. Maji ya ndoo huyumba, humwagika sakafuni na kufanya miguu iteleze, na waya wa mkono wake hukata kiganja kabla mgongo na mapaja havijapata kazi. Ukilazimika kutumia ndoo, viringisha kipande cha kanga kuukuu kwenye mkono wake. Usijaze mchanga kwenye dumu la lita 20. Litazidi kilo 30, na mshikio wa plastiki unaweza kukatika ukiwa umelinyanyua.

Hatua ya nne: Mazoezi matano ya msingi

Anza kwa kupasha mwili moto dakika 5: tembea kwa kasi uani, zungusha mabega na nyonga, kisha fanya marudio machache ya kila zoezi bila mzigo. Baada ya hapo yafuate mazoezi matano yafuatayo, kila moja seti 2 (yaani mizunguko 2) za marudio 8 hadi 12 kwa wiki mbili za mwanzo, kisha seti 3. Pumzika dakika moja na nusu hadi mbili kati ya seti.

La kwanza ni skwati. Simama mbele ya kiti, miguu ikiwa na upana wa mabega, vidole vimetazama nje kidogo. Sukuma makalio nyuma, shuka taratibu kwa kuhesabu hadi tatu mpaka uguse kiti bila kujibwaga, kisha simama ukikanyaga kwa nguvu kwa wayo mzima. Magoti yafuate uelekeo wa vidole na yasiangukie ndani. Kiti kikishakuwa chepesi kwako, vaa begi kifuani likiwa na chupa mbili za maji, na uendelee kuongeza chupa.

La pili ni kunyanyua kwa nyonga, na hili ndilo ninalolipa uzito kuliko mengine yote, kwa sababu linaimarisha makalio na misuli ya nyuma ya mapaja, sehemu ambazo mtu wa mezani huzikalia kutwa nzima. Weka dumu katikati ya miguu. Lainisha magoti kidogo, kisha inama kwa kurudisha makalio nyuma kana kwamba unafunga mlango wa gari huku mikono yako imejaa mizigo. Mgongo ubaki umenyooka kutoka kiunoni hadi kisogoni; kama huna uhakika, mwombe mtu akupige picha kwa ubavuni. Shika dumu, kaza tumbo, simama. Likiwa linakwenda juu, linapaswa kupita karibu sana na mapaja, na unapaswa kuhisi kazi kwenye makalio. Ukiihisi kiunoni peke yake, basi mzigo umezidi au umeinama kwa mgongo; punguza maji hadi nusu na uanze upya. Anayeanza aanze na lita 8 hadi 10, hata kama anajiona ana nguvu.

La tatu ni pushapu. Makosa ya wengi ni kuanzia sakafuni, ambako mikono hubeba karibu theluthi mbili za uzito wa mwili, halafu wakapiga nne zilizopinda na kukata tamaa. Anzia ukutani ikiwa lazima, kisha uhamie kwenye meza, kisha kwenye benchi au ngazi ya tatu, na sakafuni mwisho. Mwili uwe mstari mmoja kutoka kichwani hadi visiginoni, na viwiko visipanuke kama mbawa bali vielekee nyuma kwa pembeni kidogo.

La nne ni kuvuta. Egemeza mkono wa kushoto kwenye kiti kizito, inama mgongo ukiwa umenyooka, shika dumu la lita 5 kwa mkono wa kulia na ulivute mpaka kiwiko kipite ubavu, kisha ulishushe polepole. Badilisha upande. Zoezi hili ndilo dawa ya mabega yaliyoporomoka mbele kwa kuinamia kompyuta. Kama mlango wa jirani una chuma cha kuning'inia, kitumie pia. Kuning'inia tu kwa sekunde 20 ni mwanzo mzuri.

La tano ni kubeba. Shika dumu moja kila mkono, simama wima, tembea hatua 40 bila kuegemea upande wowote. Waliokulia kwenye nyumba zisizo na bomba watalitambua zoezi hili bila maelezo.

Maumivu ya misuli yanayoanza siku inayofuata na kuisha ndani ya siku mbili au tatu ni ya kawaida. Maumivu makali ya ghafla kwenye kiungo, ganzi inayoshuka mguuni, kizunguzungu, au kubanwa kifua si ya kawaida. Acha mara moja na uende hospitali.

Hatua ya tano: Ongeza kwa kipimo

Mwili hujenga nguvu pale tu unapodaiwa zaidi kidogo ya ulichozoea. Kanuni ni rahisi: ukimaliza marudio 12 katika seti zote 3 na ukahisi ungeweza kuongeza mengine mawili au matatu, kikao kijacho ongeza lita 1 au 2 kwenye dumu, na urudi kwenye marudio 8. Usifanye kila seti mpaka ushindwe kabisa. Kwa mtu mwenye msongo, huko ni kuongeza deni juu ya deni. Andika kila kikao daftarini: tarehe, lita, marudio. Kumbukumbu ya kichwa hudanganya, hasa mwisho wa mwezi.

Katika wiki nne hadi sita za mwanzo utaona lita zinapanda haraka ilhali kioo hakionyeshi badiliko kubwa. Hilo ni kwa sababu neva ndizo zinazotangulia kujifunza kuiamsha misuli uliyonayo, na misuli yenyewe hunenepa baadaye. Wengi huacha wakati huo, wakidhani mazoezi hayafanyi kazi.

Hatua ya sita: Vunja ukaaji

Mwaka 1953 daktari wa Uingereza, Jeremy Morris, na wenzake walichapisha ulinganisho wa wafanyakazi wa mabasi ya ghorofa ya London. Madereva, walioketi zamu nzima, walipata ugonjwa wa moyo zaidi ya makondakta, waliokuwa wakipanda na kushuka ngazi za basi kutwa. Ofisi nyingi za leo zimemgeuza kila mtu kuwa dereva wa aina hiyo, na hata chai huletwa mezani na mhudumu.

Kwa hiyo ifuate chai mwenyewe. Simama kila baada ya nusu saa hadi saa moja, hata kwa dakika mbili. Pokea simu ukitembea kwenye korido. Peleka faili kwa miguu badala ya kutuma mtu. Na baada ya chakula cha mchana tembea dakika 10, kwa kuwa matembezi mafupi baada ya mlo hupunguza kupanda kwa sukari kwenye damu na usingizi wa saa 8 mchana. Panda ngazi ikiwa ofisi iko chini ya ghorofa ya tano. Ukishuka kituo kimoja kabla ya chako kila jioni, ukatembea dakika 15 kwa kasi inayokuruhusu kuzungumza lakini si kuimba, na ukazijumlisha na zile 10 za mchana, siku tano za kazi zinakupa dakika 125, na matembezi ya Jumapili yanamalizia zilizobaki za 150.

Kuhusu kiti, sehemu ya juu ya skrini iwe usawa wa macho. Kompyuta mpakato inaweza kuinuliwa kwa rundo la makabrasha ya zamani, ilmradi uunganishe kibodi ya pembeni. Zaidi ya hapo usihangaike kutafuta mkao mmoja ulio kamili, kwani mgongo hupenda kubadilishiwa mkao mara kwa mara.

Hatua ya saba: Chakula cha kujenga

Anayejenga nguvu anahitaji takriban gramu 1.2 hadi 1.6 za protini kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku, isipokuwa mwenye ugonjwa wa figo, ambaye lazima apangiwe na daktari. Kwa mtu wa kilo 70 hizo ni gramu 84 hadi 112. Zinapatikana bila unga wa makopo: mayai mawili asubuhi yana gramu 12, kikombe cha maziwa 8, kikombe cha maharage yaliyopikwa kama 15, gramu 100 za nyama ya kuku karibu 27, na kipande kizuri cha samaki usiku 30. Jumla yake ni 92. Dagaa wakavu ni hazina ambayo watu wa ofisi huionea aibu bila sababu.

Kwa mama lishe, omba maharage mara mbili, mboga ya majani, na wali nusu sahani. Hatakukatalia, na bei aghalabu haibadiliki sana. Chips mayai ziwe za siku moja moja. Jihadhari zaidi na sukari ya kunywa. Chupa ya kola ya mililita 350 ina takriban gramu 37 za sukari, sawa na vijiko 9 vya chai, na anayekunywa vikombe vinne vya chai kwa siku kwa vijiko vitatu kila kikombe ameshapita hapo bila kugusa soda.

Hatua ya nane: Msongo na usingizi

Misuli hujengwa wakati wa kupumzika, na mtu anayelala kwa muda wa saa 5 tu huku kundi la WhatsApp la ofisini likilia mpaka saa 6 usiku hataona faida kamili ya madumu yake. Lenga kulala kwa muda wa saa 7 au zaidi. Kahawa ya mwisho iwe kabla ya saa 8 mchana, maana baada ya takriban saa 5 nusu ya kafeini bado imo mwilini. Simu ilale chumba kingine, na anayetegemea kengele yake anunue saa ya mezani.

Ukitoka kwenye kikao kigumu cha ofisini na moyo bado unaenda mbio, kaa mahali tulivu, vuta pumzi kwa sekunde 4 na uitoe taratibu kwa sekunde 6, kwa dakika 5. Jioni unapojiona huwezi kabisa, vaa nguo za mazoezi ufanye seti moja ya skwati ndipo uamue. Kama uchovu ulikuwa wa akili, mara nyingi utaendelea. Kama mwili kweli umechoka, au una homa, seti hiyo itakuonyesha, na utaacha bila kujilaumu.

Hatua ya tisa: Wiki mbaya

Kila mtu wa ofisi anaijua wiki yake mbaya. Serikalini huwa ni mwezi Juni, kwa kuwa mwaka wa fedha hufungwa tarehe 30. Katika kipindi hicho usijaribu kuendeleza ratiba kamili. Fanya kikao kimoja kwa wiki, cha dakika 12 hadi 15: seti moja ya skwati, moja ya kunyanyua kwa nyonga, moja ya pushapu na moja ya kuvuta. Sharti ni moja, nalo ni kwamba lita zisipunguzwe. Nguvu iliyokwisha kujengwa hulindwa kwa wiki kadhaa na kazi ndogo, ilmradi mzigo ubaki uleule, na hupungua zaidi mtu anapofanya marudio mengi ya mzigo mwepesi au asipofanya lolote.

Ukiwa umesimama kabisa kwa wiki mbili au tatu kwa sababu ya safari au kazi, rudi na seti 2 na upunguze lita kwa sehemu moja ya tano. Utafika ulipokuwa ndani ya vikao vichache. Ukiwa umeugua malaria au homa nyingine, subiri mpaka homa iishe, dawa zimalizike na hamu ya kula irudi, kisha anza na nusu ya lita zilizoandikwa kwenye ukurasa wa mwisho wa daftari, ukiongeza lita 2 kila kikao mpaka zifike zilipokuwa.